Jinsi Nilivyojiandaa kwa Jua la Kirando

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Tangazo limebandikwa ubaoni saa mbili asubuhi. Bonanza la watumishi, Jumamosi ya tarehe 19, Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika. Soka, kuvuta kamba, kukimbiza kuku, na mpira wa vinyoya. Vinyoya! Mchezo wangu. Raketi mbili za ofisi zinakaa kabatini kwangu masijala na ufunguo ninao mimi. Mwaka mzima hakuna aliyenishinda. Hakuna aliyecheza pia, lakini hilo si kosa langu.

Kwanza nilifurahi. Halafu nikakumbuka nani anaishi Kirando. Baba mkwe wangu, Mzee Christopha, mvuvi mstaafu. Uwanja uko nyuma ya nyumba yake. Atabeba kiti, atakaa mbele kabisa. Nina miaka kumi na minane tangu nimwoe binti yake Kalista, na katika muda wote huo mzee ameniuliza swali moja tu: karani, huko kwenu juu bado baridi? Nikisema ndiyo, anatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za mgonjwa. Kwake yeye mwanamume ni yule aliyeiva kwa jua la ziwani. Sisi wa Sumbawanga ni watu wa blanketi.

Lazima anione nikishinda. Basi.

Saa sita nikaenda kuandika jina. Jina moja lilikuwa limeshatangulia. Elia wa ugavi! Miaka thelathini na minne, miguu ya swala. Na ni mzaliwa wa Kirando! Marehemu baba yake alivua samaki kwenye mtumbwi mmoja na Mzee Christopha. Mzee humwita "mwanangu". Mimi huniita "karani".

Nimeandika jina langu kwa herufi kubwa kuliko zake. Hatua ya kwanza.

Jumatano, 9 Oktoba

Semina ukumbini. Nesi Stumai amekuja kutufundisha namna ya kucheza kwenye joto bila kuumia wala kuishiwa maji mwilini. Mama mwenye sauti ya upole na macho ya ukali. Wote wanaandika. Elia, mbele yangu, anaandika kwa kupiga mistari na rula kama mwanafunzi wa bweni.

Hapo nikapata akili. Nikiandika kwa urefu, mtu atachungulia. Nikaandika kwa mkato. Pia nusu ya muda nilikuwa nachunguza mkono wa Elia, amefunga bandeji kwenye kifundo. Ana udhaifu? Anatutega? Sijui.

Nimetoka na mstari mmoja na nusu: "Pasha moto dk 10. Nyoosha dk 10. Zoea joto siku 10. Maji kabla ya kiu. Mkojo – limau. Chumvi, sukari, 6, ½. Saa 4, saa 10." Fupi. Safi. Hakuna mwizi atakayeelewa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sielewi nilichoandika jana.

Ningeweza kumpigia Nesi Stumai, lakini ataniuliza nilikuwa wapi wakati anafundisha. Ningeweza kumuuliza Elia. Afadhali nife. Nikaamua kutumia akili.

"Pasha moto dk 10." Kipashwe nini? Chakula? Raketi? Nilifikiri muda mrefu. Anayecheza ni mimi, basi nipashwe mimi. Nikaweka kigoda jikoni karibu na jiko la mkaa, nikanyoosha miguu mbele kama mahindi ya kuchoma. Kalista akaja kubandika maharage. Akauliza kama nina homa. Nikamjibu ni mazoezi. Akaniomba nisogee kushoto kidogo.

"Nyoosha dk 10." Hili lilikuwa wazi zaidi. Bukta yangu ya michezo ilikuwa na mikunjo kweli. Nikaipiga pasi dakika kumi kwa saa ya simu. Dakika ya nane ikatoa moshi.

Jioni nikafanya majaribio hapa mtaani kwetu Izia, uani, dhidi ya ukuta wa nyumba. Ukuta ulirudisha vinyoya vyote. Cha tano nikaruka, na kigimbi cha kulia kikajikaza kama jiwe. Maumivu! Nikabaki nimesimama mguu mmoja kama korongo mpaka Kalista aliponivuta ndani na kuukandakanda.

Nimetafakari kosa liko wapi. Nadhani pasi haikushika moto vizuri.

Jumamosi, 12 Oktoba

"Zoea joto siku 10." Zimebaki saba! Na hapa kwetu joto lenyewe halipo. Upepo wa Oktoba unapiga tambarare nzima, mtu anatembea na sweta saa nne asubuhi. Nitalizoea wapi?

Mpango: joto la siku kumi nilitumie kwa siku moja. Nikavaa sweta mbili, koti la mvua juu yake, kofia ya sufu, nikaanza kutembea kuelekea Mollo saa saba mchana. Mwendo wa haraka. Maji sikubeba, maana nilipotoka sikuwa na kiu, na karatasi inasema "kabla ya kiu". Au ina maana ninywe wakati sina kiu? Sasa mtu asiye na kiu anakunywa maji ya nini? Nikachanganyikiwa, nikaendelea kutembea.

Ndani ya koti mto unatiririka. Usoni upepo baridi. Sikujua kama naloa au nakauka.

Mama mmoja mzee alikuwa anatayarisha shamba lake la ulezi kando ya njia. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaliangalia koti, akauliza msiba uko kwa nani. Nikamweleza ni mambo ya michezo. Akaenda kuleta bakuli. Togwa. Nikakataa, maana nesi alikataza pombe kabla ya mchezo, hilo nalikumbuka. Akasema hii ni togwa, hata mtoto anakunywa. Nikamjibu ndivyo wanavyosema wote.

Kisha ardhi ikainama. Nikajikuta nimekaa kwenye tuta. Yule mama akanivua koti kwa nguvu, kama mtu anayemvua mtoto aliyejikojolea, akanishikisha bakuli mdomoni. Baada ya bakuli la pili kichwa kikatulia, nikaona miti ikiwa wima.

Nimeandika: koti linafanya kazi.

Jumanne, 15 Oktoba

Siku ngumu. "Mkojo – limau."

Nimekumbuka, ilihusu rangi. Lakini limau lipi? Limau bichi ni la kijani! Likiiva, la njano. Maji yake ni karibu meupe. Nesi alimaanisha lipi kati ya hayo? Wangu tangu Jumapili ni wa njano ya kuwaka, kama fulana ya mtu anayetengeneza barabara. Tangu Jumapili pia nameza vidonge vya vitamini nilivyonunua duka la dawa kwa ajili ya nguvu. Sidhani kama mambo haya mawili yanahusiana.

Nikaamua kunywa maji hadi rangi ibadilike. Jagi la kwanza. La pili. La tatu. Rangi ile ile! Kila dakika kumi nafunga masijala. Bi Mariana, mkuu wetu wa utawala, akaja kuuliza kwa nini mlangoni pameandikwa "Nimetoka, narudi" tangu asubuhi. Nikamwambia ni kwa sababu nimetoka, narudi.

Kwenye korido nikakutana na Elia. Akasema kwa upole, "Kaka Ignasi, kama kuna kitu cha Nesi kilikupita, daftari langu hilo hapo, chukua tu."

Mtego! Nani anampa adui daftari? Nikamjibu kuwa sisi watu wa juu tunazaliwa tukijua. Akasema sawa kaka, akaenda zake. Sikumwelewa kabisa.

Mchana, bahati. Bi Mariana akanipa kazi ya kuchapa ratiba. Nikachomoa karatasi yangu: "Saa 4, saa 10." Ikanijia kama radi. Huo ndio muda wa kucheza! Kuanzia saa nne hadi saa kumi. Nikaugawa katikati: vinyoya, saa saba mchana. Elia hajafanya zoezi la koti. Saa saba atayeyuka.

Jioni Elia akaja na ratiba mkononi, akauliza kama saa saba si makosa ya uchapaji. Nikamwambia masijala haikosei.

Ijumaa, 18 Oktoba

Tumefika Kirando. Niandike haraka kabla sijaitwa kula.

Asubuhi nilikunywa jagi mbili kwa ajili ya ile rangi. Hilo lilikuwa kosa, au barabara ilikuwa kosa. Kosta ilisimama Chala kwa ajili yangu. Ikasimama baada ya Chala kwa ajili yangu. Ikasimama Namanyere kwa ajili ya watu wote, na dakika chache baadaye kwa ajili yangu. Mwishoni dereva hakuuliza tena, alikuwa anapunguza mwendo akiniona tu nimesogea kwenye kiti. Timu ya kuvuta kamba wakaanza kunipigia makofi kila nikirudi. Nimeapa: kesho sinywi tone la maji kabla ya kushinda. Mchezaji hawezi kuomba ruhusa uwanjani.

Tulipoteremka kuelekea ziwani, joto lilituingia kama mtu amefunua tanuri la mikate. Watu wakaanza kuvua masweta. Mimi nililibakiza langu. Kulizoea.

Mzee Christopha alikuwa amekaa nje. "Shikamoo, Baba." "Marahaba, karani. Huko juu bado baridi?" Kabla sijajibu alishasimama kumkumbatia Elia. Mwanangu huku, mwanangu kule, umekonda, umekula? Kalista, niliyesafiri naye, akanishika mkono. Sijui kwa nini, sikuwa nimesema kitu.

Jumamosi, 19 Oktoba. Asubuhi

Kila kitu tayari. Bado "chumvi, sukari, 6, ½". Hii ni dawa ya nguvu, lazima. Nilikaa na chupa ya lita moja mbele yangu, nikijiuliza sita ni ya nani na nusu ni ya nani. Nikaangalia mpangilio. Chumvi imeandikwa kwanza. Sita nayo imeandikwa kwanza. Nikatia chumvi vijiko sita, sukari nusu kijiko. Nikakoroga.

Nimeonja. Nadhani bahari iko hivi, ingawa bahari sijawahi kuifika. Nimejilazimisha vikombe viwili; dawa si maji. Nina kiu ya ajabu. Ni nguvu inaingia.

Nitavaa trakisuti nyeusi, ndefu. Inatisha.

Jumapili, 20 Oktoba

Naandika nimelala. Mkono wa kulia una bomba la dripu, kwa hiyo ni mwandiko wa kushoto.

Saa saba. Uwanja umezungukwa na ukuta wa matofali, upepo haupiti. Mchanga unachoma kupitia raba. Mzee Christopha mstari wa mbele, kiti chake chini ya mwavuli. Watu wengi. Elia amevaa fulana nyeupe, kofia pana, kitambaa kilicholoweshwa shingoni. Alifika nusu saa kabla, akawa anatembea haraka, anakimbia polepole, anazungusha mabega. Nikadhani ana wasiwasi.

Seti ya kwanza, 21 kwa 7 zake. Kila mapumziko Elia anaenda kivulini, anakunywa mafunda mawili, anarudi. Akaniita, "Kaka, njoo kivulini." Nikakataa. Nilisimama katikati ya jua nikimkazia macho. Saikolojia.

Seti ya pili. Mdomo umekuwa unga mkavu. Vigimbi vyote viwili vinacheza vyenyewe. Kichwa kinagonga kama mtu anatwanga ndani. Halafu, ghafla, jasho likakata. Kabisa! Na baridi ikaniingia. Baridi, Kirando, saa saba na nusu! Nikajua nimelishinda jua. Nikaanza kukimbia kwa kasi ya ajabu. Kifundo cha mguu kikaenda kwake, mimi nikaenda kwangu.

Kuanzia hapo sikumbuki. Haya ni ya Kalista.

Elia aliruka wavu kabla sijagusa chini. Mzee Christopha, miaka sabini na sita, alitupa mwavuli akakimbia. Kalista anasema hajawahi kumwona baba yake akikimbia tangu azaliwe. Wawili hao walinibeba hadi kivulini, wakanivua trakisuti mbele ya watumishi wote. (Mbele ya Bi Mariana!) Mzee akavua shati lake, akalichovya kwenye ndoo, akanifuta nalo huku akinipepea kwa mkeka. Nesi Stumai, aliyekuja na msafara wetu, akaja mbio na barafu ya wachuuzi wa samaki, akanibana nayo kwapani na shingoni. Nilikuwa nazungumza maneno yasiyo na kichwa. Nilimwita Elia "mheshimiwa". Nikaingizwa kwenye gari, moja kwa moja kituo cha afya.

Mpaka sasa nanuka samaki, migebuka mitupu.

Nesi alikuta chupa yangu, akaonja, akatema. Akawaita wauguzi wenzake waonje. Wakatema wote.

Leo asubuhi amekaa hapa na karatasi yangu, akaisoma neno kwa neno kama mtu anayesoma barua ya marehemu. Kupasha moto ni kutembea na kukimbia taratibu mpaka mwili uchangamke. Kunyoosha ni misuli, si bukta. Joto linazoewa kidogo kidogo, siku nyingi, na si kwa koti. Maji yanywewe mafunda machache machache hata bila kiu, si jagi tatu kwa mpigo wala sifuri. Vitamini ndiyo iliyotia ile njano. Chumvi nusu kijiko kidogo cha chai, sukari vijiko sita, lita moja ya maji safi. Saa nne hadi saa kumi ni muda wa kulikwepa jua. Na jasho likikata ukasikia baridi na kizunguzungu, hapo mchezo umekwisha, huyo ni mgonjwa wa kukimbizwa hospitali, wengine hawafiki. Mguu ulioteguka: pumziko, barafu, bandeji, uinuliwe kwenye mto. Wala usikandwe.

Nilitaka kuandika yote palepale akiwa anasema, lakini mkono wa kulia ulikuwa na dripu. Si neno, nimeshika kichwani.

Jambo moja limenichanganya kuliko yote. Nilipozinduka jana jioni, aliyekuwa kitandani pangu ni Mzee Christopha. Amekaa wima, bado hana shati, kikombe mkononi, ananinywesha kwa kijiko. Kijiko, anasubiri. Kijiko, anasubiri. Akasema, "Kunywa, mwanangu. Polepole."

Nikageuka kutazama kama Elia amesimama nyuma yangu. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Mzee akaendelea. Akasema ujanani walikuwa na mwenzao mtumbwini, mtu wa kujitutumua, hakutaka kunywa maji wala kuvaa kofia wenzake wamwone mlegevu. Jua likamchukua mchana kweupe, maji yamemzunguka pande zote. "Mimi nilikuwa naye," akasema. "Nilimcheka. Leo nilikuwa nakucheka na wewe." Kijiko kikagonga meno yangu. Nikasema, ndiyo Baba, juu bado baridi.

Akainama, akachota kijiko kingine.

Alipotoka, Kalista akaniuliza kama nimesikia baba alivyoniita. Nikamwambia nimesikia, macho ya mzee yamepungua nguvu, amenifananisha. Kalista akanitazama, akajifunika uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yanatikisika. Sikuweza kujua kama anacheka au analia, na alipofunua uso bado sikujua.

Kombe amepewa Elia, akalikataa. Kasema mchezo haukuisha. Yaani ananiogopa.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nyumbani, Izia. Mguu juu ya stuli. Upepo mzuri, sweta moja.

Elia alikuja na fimbo ya kutembelea na parachichi. Akajitolea kuniandikia upya masomo yote ya Nesi kwa mwandiko unaosomeka. Nimemshukuru, nimekataa. Kila akija anakuja na kitu. Lazima kuna mpango, ila sijaujua.

Halafu, heshima kubwa! Nesi Stumai kapiga simu. Wiki ijayo anafundisha wachezaji wa tenisi na vinyoya kule Chala, na anataka nisimame naye mbele yao. Akasema katika miaka kumi na mitano ya unesi hajawahi kupata mfano kama mimi. Mfano! Nikamwita Kalista nikamweleza. Akashikwa na kikohozi, akakimbilia jikoni.

Nimeshaanza kuandaa hotuba. Na kwa bahati njema asubuhi hii kumbukumbu imenirudia, zile dakika za mwisho kabla sijaanguka, ambazo hata Kalista hawezi kuzijua. Sasa nafahamu nilipokosea. Upande wa pili wa wavu walikuwepo akina Elia wawili, fulana nyeupe mbili, kofia pana mbili. Mimi nilimpigia kinyoya yule wa kushoto. Kumbe aliyekuwa na raketi ni wa kulia.

Hilo ndilo nitakaloanza nalo Chala.